Fyuzi ya Ampea Tano

Bi Mwanabibi alikuwa amelala chali kando ya meza ya kupigia pasi, macho nusu wazi, kiganja cha mkono wa kulia kimeungua. Pasi ilikuwa sakafuni, shibiri moja kutoka kwenye vidole vyake. Karibu na mpini wake waya ulikuwa umechunwa, shaba inaonekana. Beseni dogo lilikuwa limepinduka na maji yake yametambaa hadi chini ya visigino vya marehemu.

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Alhamisi ya pili ya Februari 1986, mtaa wa Shela, Malindi.

Inspekta Badi Athman alisimama kizingitini bila kuingia. Alikuwa mtu wa kuhesabu vitu kabla ya kuvigusa. Meza moja. Buibui juu ya meza, nusu limenyooka, nusu bado lina makunyanzi. Redio juu ya kabati, kimya. Ukutani kando ya mlango, mita ya umeme na chini yake fyuzi moja ya kauri.

"Ajali, Inspekta," alisema Sajini Simeon. "Stima. Waya ulikuwa uchi, mama akaushika na mikono ya maji. Fundi aliyeitengeneza hii pasi wiki iliyopita nimeshamkamata. Anaitwa Kahindi."

"Atashitakiwa kwa lipi?"

"Uzembe uliosababisha kifo. Mkuu wa kituo anataka ashitakiwe leo hii. Miaka michache ndani itamfundisha kufunga waya."

Badi alivaa glavu, akachomoa kishikio cha fyuzi. Kijiwaya cha ndani hakikuwapo. Yalibaki matone mawili ya madini yaliyoyeyuka, na weusi wa moshi kwenye kauri. Pembeni palikuwa pameandikwa 5A, yaani ampea tano.

"Si nimekwambia?" alisema Simeon. "Shoti."

"Aliyemkuta ni nani?"

"Jirani wa ukuta kwa ukuta. Taib, fundi cherehani. Huyu mama alimnyonyesha alipokuwa mchanga. Alikuwa akimwita mama."

Taib alikuwa barazani, mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, chaki ya kushonea bado imemganda kwenye kidole gumba. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia kweli. Badi aliliandika hilo pia.

"Pole kwa msiba."

"Tushapoa, Inspekta. Kazi ya Mola haina makosa."

"Nieleze."

"Nilikuwa kibarazani kwangu nashona. Redio ya mama yasoma habari. Nikasikia ukelele mmoja, halafu pah, redio ikanyamaza. Nikakimbia. Nikamkuta pasi imemganda mkononi."

"Imemganda vipi?"

"Haimtoki. Yamtetemesha. Nikachomoa plagi ndipo ikamwachia."

"Redio ilikuwa imenyamaza kabla hujaingia?"

"Kabla. Alipopigwa na shoti ndipo fyuzi ilipoungua."

"Kwa mara moja?"

"Kwa mara moja. Shoti ikipiga, fyuzi huungua. Kila mtu ajua hilo, hata mtoto."

"Mazishi ni saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri. Kibali tushapewa. Bi Shekha yuaja kumwosha."

Badi alitazama saa yake. Akishazikwa, ushahidi utakaobaki ni waya uliochunwa na maneno ya Taib. Viwili hivyo vilitosha kumfunga Kahindi. Vilitosha hata kwa hakimu mpole.

Aliifunga pasi kwenye mfuko, akatia fyuzi kwenye bahasha, akarudi kituoni.

*

Kahindi alikuwa mtu wa Kakoneni, miaka arobaini na kitu, mikono mikubwa, mashavu yameingia ndani. Nje ya kituo mkewe Dorcas alikuwa amekaa juu ya tofali tangu asubuhi, hamwulizi mtu kitu.

"Mmeniweka ndani na taa ya humu haiwaki," Kahindi alisema alipofunguliwa mlango. "Nipeni bisibisi niwatengenezee, halafu mnifunge nikiona."

"Waya wa pasi uliuacha uchi?"

"Mino?" Kikwao kilimponyoka. "Mino siachi waya uchi, Inspekta. Nilitoa wa zamani wote nikatia mpya. Nyuzi tatu: wa moto, wa baridi, na wa ardhini. Hata chuma cha pasi kikishikwa na stima, inakimbilia ardhini na fyuzi inakatika."

"Thibitisha."

Mfuko wake wa kazi uliletwa mezani. Ndani yake mlikuwa na mita ya sindano, kioo chake kimepasuka pembeni.

"Hii mita husema kweli?"

"Kuliko mimi."

Kahindi alishika ncha mbili za mita kwenye plagi ya pasi. Sindano ikatembea, ikatulia.

"Ukinzani wake ni omu hamsini na nane."

Badi alichukua penseli. Alikuwa amesoma fizikia hadi kidato cha sita, na tangu hapo hakuwahi kuiona ikimdanganya. Volti mia mbili na arobaini, gawanya kwa hamsini na nane: ampea nne nukta moja nne. Ampea hizo mara volti: wati mia tisa tisini na tatu. Aliinamisha pasi akasoma kibao chake. Wati elfu moja.

"Pasi nzima," alisema.

"Haina kosa hata moja. Hapa penye mchuno pamekatwa. Angalia ukingo wa mpira. Waya uliochakaa huwa na nyuzinyuzi. Huu umekatwa safi."

Simeon alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Mtuhumiwa akichunguza kosa lake mwenyewe. Hii ni mpya."

"Anasoma sindano, Sajini. Nawe njoo uisome."

Simeon alikuja, akaisoma. Hamsini na nane.

"Sasa mtu," alisema Badi. Alimimina maji ya jagi kwenye viganja vyake, akashika ncha za mita moja kila mkono. Sindano ilisita kwenye elfu ishirini.

"Hiyo ni kwa betri ya mita tu," Kahindi alisema. "Stima ya ukutani hupasua ngozi. Ukinzani wa mtu hushuka."

"Hadi wapi?"

"Mtu aliyelowa, sisi twahesabu omu elfu moja. Chini ya hapo ni nadra."

"Elfu moja basi. Nampa Taib nafasi yote anayoweza kupata."

Badi aliandika. Volti mia mbili na arobaini kwa omu elfu moja: ampea sifuri nukta mbili nne. Hata robo ya ampea haikufika. Mara volti: wati hamsini na saba na ushei.

"Sawa na balbu ya chumbani," alisema Simeon polepole.

"Inatosha kuua?"

"Inatosha kuua na kubaki," Kahindi alijibu.

"Jumlisha. Pasi, nne nukta moja nne. Redio, hata ampea moja ya kumi haifiki. Mwili wa mtu, sifuri nukta mbili nne. Zote pamoja hazifiki nne na nusu." Badi aliweka kishikio cha kauri katikati ya meza. "Hii ni ya ampea tano. Bi Mwanabibi angeshika ule waya akafa, fyuzi isingekuwa na habari. Redio ingeendelea kusoma habari hadi mwisho."

Simeon aliinua kishikio, akayatazama matone ya madini.

"Basi nani kaiunguza?" aliuliza Simeon.

"Chuma," Kahindi alisema. "Unganisha wa moto na wa baridi kwa kitu cha chuma, ukinzani wake ni kama haupo. Sema nusu omu."

Badi aligawanya. Ampea mia nne na themanini.

"Fyuzi inakwenda kabla hujapepesa jicho. Hiyo ndiyo shoti."

"Na ile inayompiga mtu?"

Kahindi alifikiri, akajikuna shavu. "Hiyo nayo twaiita shoti."

"Neno ni moja, hesabu ni mbili," alisema Badi. "Shoti ya mtu huua na kuacha fyuzi. Shoti ya waya huua fyuzi na kumwacha mtu. Taib anasema redio ilinyamaza kabla hajaingia, yaani fyuzi ilikuwa imekwisha. Kisha anasema aliikuta pasi imemganda mama mkononi, yamtetemesha. Ilimtetemesha kwa stima gani?"

Simeon alivua kofia yake, akaifuta jasho la ndani.

"Huyu nimfungulie?"

"Bado. Hesabu hainionyeshi alivyokufa. Inanionyesha tu kwamba nimedanganywa. Mahakamani watasema mama huyu alikufa kwa pasi na mengine ni mahesabu ya shule. Nataka mwili."

Ilikuwa saa tano na robo.

*

Jeneza lilikuwa limeegemezwa ukutani na wanaume kama thelathini walikuwa wamekaa kwenye mikeka nje. Chumba cha ndani kilikuwa kimefungwa pazia. Badi alibisha kwa sauti.

"Hodi, Bi Shekha. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Usiingie."

"Siingii. Umeshaanza?"

"Nimetia maji. Sijaanza."

Bi Shekha alikuwa ameosha maiti wa kike wa mtaa ule kwa miaka ishirini na mitano, na hakuna aliyewahi kusikia kutoka kwake habari ya mwili wowote. Badi alilijua hilo. Mamake mwenyewe alikuwa ameoshwa na mikono ile.

"Bi Shekha, kuna kitu umekiona?"

"Nikionacho kwa maiti ni amana. Sikisemi. Hata kwako, hata ukija na bunduki."

"Sikuulizi ulichokiona. Nakuuliza jambo jingine. Wataka kuendelea, au ungependa nikuzuie?"

Upande wa pili wa pazia maji yalidondoka mara kadhaa. Kisha kata ikawekwa chini, kwa utaratibu, kama mtu aogopaye kuamsha.

"Nizuie," alisema.

Badi aligeuka aende; sauti ya Bi Shekha ikamfuata.

"Na hili si la mwilini, hili naweza kulisema. Jana baada ya alasiri aliniambia leo angekwenda kwa Kadhi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, nimekaa Lamu miaka mingi mno, Shekha, nimerudi nimekuta jambo limeharibika. Hakuniambia jambo gani. Akasema asubuhi atapiga pasi buibui la kuendea."

Badi alitoka barazani, akatangaza kwamba maiti itapelekwa hospitali kwa uchunguzi na mazishi yameahirishwa. Manung'uniko yalipita kwenye mikeka. Taib alisimama.

"Maiti wa Kiislamu apasuliwe? Nawe wajiita Badi wa Athman? Babako angekuwa hai ungethubutu?"

"Babangu angeniuliza sababu, nami ningempa."

"Nipe mimi basi."

"Wewe nitakupa mwishoni. Sasa hivi nataka nione pahali unapofanyia kazi."

*

Kibaraza cha Taib kilikuwa na cherehani moja, kanzu nne zimetundikwa, sanduku la vifungo. Juu ya meza kulikuwa na mkasi mdogo, mpya, bado una mafuta ya dukani.

"Mkasi wako wa kukatia ni huu?"

"Huo."

"Kanzu hizi ni za kitambaa kizito. Kwa mkasi huu ungekata hadi mwezi ujao. Mwingine uko wapi?"

"Umepotea."

"Lini?"

"Siku nyingi."

Simeon alipiga goti, akavuta mfuko wa vipande vya nguo chini ya cherehani, akaumwaga. Mkasi ulitoka mwisho. Ulikuwa mkubwa, wa chuma kizito, mashikio yake yamezungushiwa mpira wa baiskeli.

"Nikatie kitambaa hiki," alisema Badi.

Taib alichukua mkasi. Vidole viliingia mahali pake kwa mazoea ya miaka. Alikata inchi mbili, kisha ukagoma. Alijaribu tena. Ukagoma palepale.

Badi aliupokea kwa leso, akaufungua mbele ya mwanga. Kwenye makali ya kila upande palikuwa na kishimo kidogo kama punje ya mtama, ukingo wake mweusi, chuma kimeyeyuka na kuganda. Chembe nyekundu ya shaba ilikuwa imenasa katika kimoja.

"Chuma cha mkasi hakiyeyuki kwa kukata kitambaa cha marekani, Taib. Simeon, mfunge pingu."

*

Daktari Monicah alipiga simu kutoka hospitali saa kumi na moja kasoro.

"Si umeme," alisema. "Kiganja kimechomwa kwa pasi ya moto, bapa zima, lakini ngozi ya pembeni haina wekundu wala lengelenge. Moyo ulikuwa umeshasimama alipochomwa. Ndani ya kope kuna vidoa vya damu. Mdomo wa ndani umechanika dhidi ya meno. Alizibwa pumzi kwa kitu laini. Nitaandika hivyo na nitasema hivyo mahakamani."

"Asante, Daktari."

"Inspekta, angezikwa nisingejua."

"Najua."

Taib alikuwa kwenye chumba cha mahojiano, kiti kimoja, meza moja. Simeon alikuwa na kalamu. Badi aliweka mkasi, fyuzi na karatasi ya mahesabu mezani, kimoja kimoja.

"Una haki ya kunyamaza. Ukisema, itaandikwa."

"Hiyo nini?"

"Hesabu. Inasema mwili wa mamako usingeweza kuiunguza fyuzi hii."

Taib alitazama tarakimu bila kuzielewa. "Lakini alipigwa na shoti."

"Hakupigwa. Mwenye kupigwa na shoti fyuzi yake hubaki. Ungeiacha vile ilivyokuwa, ningesaini karatasi na Kahindi angefungwa. Ulitaka ifanane zaidi."

"Kila mtu asema fyuzi huungua."

"Kila mtu husema hivyo. Alikuwa anakwenda kwa Kadhi kufanya nini?"

Jina la Kadhi lilimpiga mahali ambapo mkasi haukufika. Mabega yalishuka.

"Zeina," alisema.

"Mkeo?"

"Mke wangu. Miaka saba. Watoto watatu." Alikuwa akiongea na meza. "Alizaliwa hapa Malindi, mamake akafa palepale. Mama Mwanabibi akamnyonyesha miezi minne, kisha bibi yake akamchukua Mariakani. Wakati huo akiitwa Nana. Alikuwa mgonjwa kila siku, bibi akambadilisha jina apate afya. Mimi nimeoa Zeina wa Mariakani. Nana nilikuwa simjui."

"Na Bi Mwanabibi hakuwa hapa mlipooana."

"Alikuwa Lamu kwa mumewe. Amefiwa, amerudi Disemba. Siku moja amwona Zeina avua mtandio, ana alama hapa shingoni. Akamuuliza mamako nani, bibi yako nani. Hakumwambia kitu. Akaja kwangu."

"Akasema?"

"Akasema, nyinyi mmenyonya ziwa moja. Langu. Huyo ni nduguyo; kwa sheria ya dini hawezi kuwa mkeo." Taib alijifuta uso kwa mikono miwili iliyofungwa. "Nikamwomba. Wiki mbili namwomba. Nikamwambia, mama, hakuna ajuaye ila wewe. Akasema, na Mungu je. Leo asubuhi nimeingia, nimemkuta apiga buibui pasi. Nikamuuliza waenda wapi, nami najua. Akaniambia keti, mwanangu, twende pamoja. Hakukasirika. Angekasirika ningeweza kutoka."

"Ukachukua mto."

"Nikachukua mto."

Kalamu ya Simeon ilikwaruza, ikasimama.

"Kisha pasi."

"Ilikuwa moto bado. Nikauweka mkono wake. Nikachuna waya. Nikaunganisha kwa mkasi, nikasikia pah. Nikaona sasa yafanana."

"Kahindi je? Ulijua atakamatwa."

"Sikumfikiria Kahindi. Niliwafikiria wanangu. Ndoa ikivunjwa, wataitwaje? Wana wa haramu. Mtaa mzima, shuleni, chuoni. Hadi wafe."

Badi alisubiri Simeon amalize sentensi. Kisha akampa Taib karatasi, naye akasaini kwa hati nzuri, ya mtu aliyezoea kuandika vipimo vya watu.

Jioni ile Badi alipita kwa Kadhi. Alimweleza jambo bila majina na akapata jibu kwa dakika mbili. Ndoa ingebatilika. Watoto wangebaki wa baba yao, kwa jina na kwa urithi, kwa kuwa wazazi walioana bila kujua.

Alirudi kituoni kuandika ripoti. Kahindi alikuwa ameshaondoka. Taa ya mahabusu ilikuwa inawaka. Badi alisimama mbele ya nondo akamwambia Taib alichoambiwa na Kadhi, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza.

Taib aliinuka, akaja hadi kwenye nondo.

"Hukumuuliza mtu?" Badi alisema.

"Ningemuuliza nani bila kusema?"

Ijumaa asubuhi Zeina alikuja. Badi mwenyewe alikuwa amekwenda kumweleza yote usiku uliotangulia, kwa sababu maelezo yale yangesomwa mahakamani na hakutaka ayasikie huko. Zeina alikuwa na bakuli la chakula limefungwa kwa kitambaa, na mtandio umepandishwa hadi kidevuni. Konstebo Easter alikuwa mapokezi, daftari la wageni mbele yake.

"Jina?"

"Zeina binti Abdillahi."

"Waja kumwona nani?"

"Taib."

Easter aliandika. Kwenye safu ya uhusiano hakuuliza; aliwafahamu wote wawili, nguo zake alishonewa kwa Taib. Aliandika mke.

Zeina aliinama akaisoma ile safu. Mlangoni mwa ofisi, Badi alisimama na karatasi zake mkononi.

"Hapo futa," alisema Zeina. "Andika dada."